Kikundi Ndicho Hadhira ya Kwanza

Wiki hizi vyuoni ni wiki za prezentesheni. Muhula umefika katikati, wahadhiri wanakusanya alama za koziweki, na kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa orodha imeshatoka: kikundi cha kwanza Jumatatu, cha pili Jumatano, na kuendelea. Kama uko hosteli unanisikiliza na jina lako limo kwenye orodha hiyo, mazungumzo ya leo nimekuandalia wewe. Nataka tuzungumzie ile hofu inayomshika mtu anaposimama mbele ya darasa pamoja na wenzake wanne au watano, projekta inawaka nyuma yao, na mhadhiri ameketi kiti cha mbele na karatasi ya kuwekea alama.

Nimechagua kazi ya kikundi kwa makusudi. Watu hudhani ni nyepesi kwa kuwa mko wengi. Wapo ambao kwao ni nzito zaidi kuliko kusimama peke yao, maana ukisimama peke yako ukakwama, umejikwamisha mwenyewe. Ukikwama katikati ya kazi ya kikundi, unajiona umewaangusha watu watano ulioamka nao alfajiri kuitengeneza. Na katika vyuo vyetu vingi koziweki hubeba alama 40 kati ya 100. Pale mbele kuna mtu anayepiga hesabu kama atavuka au atabaki na sapu, ule mtihani wa marudio.

Tuanze na mwili, kwa sababu ndiko hofu inakojitangaza kwanza. Dakika chache kabla ya zamu yako, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio. Damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, ndiyo maana vidole vinapoa hata kama ni Dar es Salaam mwezi wa pili na feni haifanyi kazi. Mate yanapungua, ulimi unashikana na kaakaa. Pumzi inakuwa fupi, na sauti nayo inapanda juu kwa sababu misuli ya koo imekaza. Mwili umejiandaa kukimbia au kupambana, ilhali kazi iliyo mbele yako ni ya kusimama na kusema kwa utulivu. Hali hii huwapata walimu wa miaka ishirini, mashehe, wachungaji, wabunge na watangazaji. Haina maana kwamba wewe ni mwoga au kwamba hukuzaliwa kuwa msemaji.

Sasa swali linalonihangaisha ni hili. Ikiwa mwili unaamka kwa kila mtu, kwa nini mmoja akiamshwa anang'ara na mwingine anapotea kabisa?

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Marekani, alichapisha makala katika jarida la Science akijibu swali linalofanana na hilo. Alisema kuwepo kwa watu wengine huuamsha mwili, na mwili ulioamshwa hutoa kile ulichokizoea zaidi. Kama ulichokizoea ndicho kilicho sahihi, mbele ya watu utafanya vizuri kuliko ukiwa chumbani. Kama bado hujakizoea, yatatangulia makosa, kwa sababu makosa ndiyo yaliyo karibu. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakalijaribu jambo hilo kwa mende. Waliwawashia taa, kitu ambacho mende hukikimbia, wakawapa njia ya kutorokea. Palipokuwa na njia iliyonyooka, mende waliotazamwa na mende wenzao walikimbia upesi zaidi. Palipokuwa na kona ya kutafuta, waliotazamwa ndio waliochelewa zaidi.

Mimi jaribio hilo hunipa matumaini makubwa. Linatuambia kwamba hadhira haina uadui na mtu. Inakuza tu kile ulichokuja nacho. Kwa hiyo cha kujiuliza kabla ya Jumatatu ni kimoja: mdomo wangu umezoea nini?

Mtazame huyu mwanafunzi tunayemwita mwoga. Jumapili iliyopita alisimama kanisani kwao akasoma matangazo ya ibada yote bila kubabaika. Mwenzake wa chumba kimoja amesoma kaswida kwenye maulidi tangu akiwa mdogo, mbele ya mtaa mzima, usiku, spika zikivuma. Wa tatu ndiye anayeshika kipaza sauti kwenye harusi za ukoo wao, na wajomba wanampenda kwa hilo. Watu hawa hawaogopi watu. Kanisani, kwenye maulidi na kwenye harusi mdomo wao umepita njia hiyo mara nyingi mpaka umeizoea. Darasani wanaombwa waseme mambo ambayo mdomo haujawahi kuyasema hata mara moja, tena kwa lugha ambayo mara nyingi huwa wanaiandika tu.

Hapo kwenye lugha nitakaa kidogo, maana tukiikwepa tutakuwa tunadanganyana. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania amefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Watafiti wetu wenyewe, akiwemo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamelizungumza jambo hilo kwa miaka mingi. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu na una wenyewe. Ninachotaka tukione leo ni kile kinachobaki kwa mwanafunzi: anafika chuo akiwa amefaulu mitihani ya kuandika kwa Kiingereza, huku saa alizowahi kuzungumza Kiingereza hicho kwa sauti, mbele ya watu, zikihesabika kwa vidole.

Tena zile chache alizozungumza zilikuwa na kicheko. Wengi wetu tunakikumbuka. Mtoto anasimama kwenye mdahalo wa Ijumaa, anakosea kitenzi, darasa zima linaangua kicheko, hata mwalimu anatabasamu. Mtoto anakaa. Kwa miaka minne, au sita, anajifunza kwamba usalama uko katika kunyamaza. Ukimwambia mtu wa namna hiyo ajiamini, humsaidii kitu. Anaogopa jambo lililomtokea kweli, na waliomfanyia ni wanafunzi wenzake.

Muhula uliopita nilikaribishwa katika chuo kimoja kusikiliza kazi za vikundi, kozi ya masomo ya maendeleo. Kikundi kimoja cha watu sita kilikuwa na mada ya ushirika wa kahawa Kilimanjaro. Ni mada yenye utajiri: wakulima wa kule walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU, ushirika ambao jina lake linajulikana mpaka leo. Aliyesimama wa pili alikuwa binti aliyepewa utangulizi na maana ya istilahi. Alishika karatasi ya A4 kwa mikono miwili, nayo ikatetemeka mpaka sisi wa nyuma tukaisikia. Akaanza kusoma maana ya ushirika, sentensi ya Kiingereza yenye mistari minne iliyonakiliwa mahali fulani. Katikati akapotea, akarudi mwanzo, akapotea tena palepale. Akaomba radhi, akampisha mwenzake.

Ukafika wakati wa maswali. Mhadhiri akauliza, bila kumlenga mtu, mkulima anajuaje kama kahawa yake itapokelewa chamani. Kimya. Halafu yule binti akanyoosha mkono. Akasema kwao ni Kibosho na bibi yake ndiye anayepeleka kahawa. Akaeleza inavyomenywa kwa mashine ya mkono, inavyolowekwa na kuoshwa, inavyoanikwa kwenye vichanja na kukimbiliwa wingu likitanda. Akaeleza karani anavyochota kiganja, anauma punje kwa meno kujua kama imekauka, ndipo anaiweka kwenye mizani. Akaeleza bibi anavyopokea malipo ya awali, kisha anakaa miezi akisubiri malipo ya pili huku ada za wajukuu zikidaiwa. Alianza kwa Kiingereza, akaingia Kiswahili, akarudi Kiingereza chenye sentensi fupifupi. Ile karatasi aliiacha mezani, maana mikono alikuwa anaonyeshea upana wa kichanja. Darasa lote lilikuwa linamwangalia yeye.

Ni mtu yuleyule na darasa lilelile. Jambo la bibi yake alikuwa amelisema mara nyingi maishani, kwa rafiki, kwa jirani, kwa mama. Maana ya ushirika ya mistari minne hakuwahi kuisema hata siku moja. Na lililonisikitisha zaidi ni kwamba kikundi chake hakikujua kama alikuwa na habari hizo. Walikutana, wakagawana vipande, wakatawanyika. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Wewe hii mada unaijua kwa wapi?"

Hivyo ndivyo vikundi vingi vinavyofanya kazi, na wanafunzi wanaonisikiliza watakubali. Mmoja anayeonekana anajua Kiingereza anabebeshwa mzigo wote. Wa pili anasema, "Mimi nitatoa hela ya kuprinti, msisahau jina langu." Wa tatu anajitolea kubonyeza slaidi. Waliobaki wanapewa aya moja moja usiku wa kuamkia siku yenyewe, kila mtu anaisoma kimyakimya kitandani, na asubuhi wanakutana mlangoni mwa darasa. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima jambo la namna hii kwa kamba. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1913, watu 8 wakivuta pamoja walitoa takriban nusu tu ya nguvu ambayo ungeipata kwa kujumlisha nguvu ya kila mmoja akivuta peke yake. Sehemu ya sababu ni kwamba hawavuti kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine ni kwamba kila mtu anahisi mwenzake anavuta. Kwa upande wa hofu, hasara ni kubwa kuliko ya alama. Yule anayebonyeza slaidi anamaliza miaka mitatu ya chuo bila mdomo wake kuzoea chochote, halafu anakutana na jopo la usaili wa kazi.

Kwa hiyo shauri langu kwa vikundi ni moja, na nalitoa kwa moyo wote: kutaneni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje ya madarasa, na mkikutana mseme. Msikutane kugawana tu. Kila mmoja aeleze kipande chake kwa Kiswahili kwanza, kwa maneno yake, karatasi ikiwa imefunikwa, mpaka mwenzake aliyekaa pembeni aseme nimeelewa. Mtu asiyeweza kulieleza jambo kwa Kiswahili chake hajalielewa bado, na Kiingereza hakitamfichia hilo. Akishaeleweka, alieleze sasa kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi anazozimiliki. Ile sentensi ya mistari minne iacheni kwenye ripoti, pale mbele haina msaada kwa mtu yeyote.

Nasisitiza karatasi ifunikwe. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma matini na kuirudia kuisoma na wale waliosoma kisha wakajijaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya wiki moja, waliojijaribu walikumbuka zaidi. Waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka. Kusoma slaidi kwa macho usiku kucha kunatuletea uhakika wa namna hiyo.

Mkikutana mara ya pili au ya tatu, simameni. Ombeni darasa tupu jioni, au simameni hapohapo chini ya mti, watu wakipita. Mpangane kama mtakavyopangana siku yenyewe. Wanaosikiliza wasikilize kweli na waulize maswali. Na hapa kuna sharti ambalo nawasihi mliwekeane kwa maneno kabisa: hakuna kucheka kosa la lugha. Mtu akikosea kitenzi, mwacheni amalize, kisha aliye karibu amtajie neno kwa upole. Kikundi kinachoweza kulishika sharti hilo kitamponya mtu jeraha alilolibeba tangu kidato cha kwanza, na sijui mahali pengine pa kulitibu kirahisi kuliko hapo, kwa watu watano wanaomjua jina.

Kuna jambo moja la kikundi tu, ambalo watu wachache hulifikiria. Mwaka 1973 mtafiti Malcolm Brenner aliwaketisha watu pamoja wakasoma maneno kwa zamu, kisha akapima nani anakumbuka nini. Akaona kwamba watu hukumbuka vibaya hasa yale yaliyosemwa na mtu aliyewatangulia. Akili iko kwenye zamu inayokuja, masikio yamefungwa. Ndiyo maana msemaji wa tatu hurudia mfano uliotolewa na wa pili dakika moja kabla, au huanza kama vile hakuna aliyezungumza. Dawa yake ni kufanyia mazoezi maungio. Kila mtu ajue kwa moyo sentensi ya mwisho ya anayemtangulia na sentensi yake ya kwanza. Na msimweke mwenye hofu zaidi awe wa mwisho kwa kudhani mnampumzisha. Kungoja kunamla. Mwekeni wa pili, baada ya mtu mtulivu, na kipande anachokijua kwa undani. Yule binti wa Kibosho angeanza na mizani na karani.

Siku yenyewe moyo utadunda tu. Usipigane nao. Mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard mwaka 2014 alionyesha kwamba watu waliojiambia kabla ya kuhutubia kuwa wana shauku walizungumza vizuri kuliko waliojiambia kuwa wametulia. Kuutuliza moyo unaokwenda mbio ni kazi ngumu. Kuupa sababu nzuri ya kwenda mbio ni rahisi zaidi. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich nao waliwaambia wanafunzi waliokuwa karibu kuhutubia ukweli mmoja: kwamba hofu tuliyonayo ndani haionekani nje kwa kiasi tunachodhani. Walioambiwa hivyo walihutubia vizuri kuliko ambao hawakuambiwa. Nami nakuambia wewe. Sisi tuliokaa tunaona mtu aliyesimama, hatuoni tumbo lake.

Mambo madogo ya mkono na pumzi nayo yana nafasi yake. Karatasi ya A4 hutangaza mtetemeko, kadi ngumu ndogo haitangazi. Au weka karatasi mezani. Kunywa maji mafundo mawili kabla ya kusimama. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, mara chache, ukiwa bado kwenye kiti. Sentensi ya kwanza imwelekee mtu mmoja unayemjua, aliyekaa safu ya kati.

Wahadhiri wetu, mama na baba zetu huko vyuoni, nanyi nina ombi. Dakika ya kwanza ya mwanafunzi msiikatize, hata kama slaidi ina kosa la tahajia. Kosa hilo litakuwepo hata baada ya dakika kumi. Na kwenye maswali, pale ambapo utaratibu wa chuo unaruhusu, mwacheni mtu ajibu kwa lugha inayotoka, kisha mumwombe aliseme tena kwa Kiingereza. Mtajua mara moja kama anajua somo. Darasa likicheka, lisimamisheni. Mwanafunzi mmoja akimwona mhadhiri anakataa kicheko hicho, na wengine themanini wameona.

Nirudi kwako wewe mwenye zamu Jumatatu. Leo ni Alhamisi, muda upo. Wapigie wenzako usiku huu mpange mahali pa kukutana kesho baada ya kipindi cha mwisho, na mkikutana anzeni na swali hili kabla ya kufungua kompyuta: nani kati yetu ameliona jambo hili kwa macho yake, nyumbani, kazini kwa mzazi, kwenye mafunzo kwa vitendo? Huyo mpeni mfano mkuu autoe yeye, hata kama Kiingereza chake kinakatika. Mkubaliane pia kwamba mmoja akisahau maneno katikati, aliye kulia kwake anadakia kwa kusema, "Naomba niongeze hapo," naye akipata pumzi anaendelea alipoachia. Hilo nalo lifanyieni mazoezi kesho, mara mbili tatu, mpaka kila mmoja awe amekwama na amedakwa. Swali likija msilolijua, mmoja wenu aseme hatukulichunguza hilo, kisha aeleze mlichokichunguza kilicho karibu nalo. Wahadhiri wengi huliheshimu jibu la namna hiyo kuliko maneno mengi.